Subiri Mlima Ushuke

Kaa, mama. Usiongee. Miguu sakafuni, usikunje nne.
Umepanda kutoka mtoni na mkungu wa ndizi kichwani;
nikikufunga mkanda sasa hivi
nitapima kilima, sitakupima wewe.
Dakika tano. Subiri mlima ushuke mkononi.

Jumanne ni siku ya presha.
Benchi limejaa vitenge vyenye unyevu,
mvua ya Rungwe haisomi ratiba ya zahanati.
Kila mtu na daftari lake la kurasa arobaini:
moja limevikwa mfuko wa chumvi (sikusema kitu),
moja nyuma lina hesabu za mjukuu,
mbele hesabu za bibi,
mia na sabini kwa mia,
mia na sitini na nane kwa tisini na nane,
na mimi na kalamu nyekundu, nisiyejua pa kutia vema.

"Mbona siumwi?" Gwantwa ananiuliza.
Hilo ndilo swali, Gwantwa.
Malaria hupiga mlango teke.
Huyu huingia kama mgeni asiyekohoa,
hukaa nawe miaka saba, hali chako, hasemi neno,
na siku ya kuaga
hukushika mkono wa kulia akaondoka nao.

Halafu kuna Mzee Andulile.
Miezi mitatu namba yake imegoma kushuka.
"Chumvi?"
"Nimepunguza."
"Kimpumu?"
"Siku ya msiba tu."
"Misiba mingapi mwezi huu?"
"Minne, sista. Watu wanakufa."
"Na dawa?"
"Kila asubuhi, kabla redio haijasoma habari."
Nikaandika. Nikaamini, kwa kuwa benchi lilikuwa refu.

Jumamosi nikakata njia ya mashamba ya chai,
mashine kwenye kikapu, juu yake kanga.
Dirishani kwake nikaona kisosi.
Ndani ya kisosi wembe,
na kando ya wembe kidonge kimepasuliwa kati,
unga wake mweupe umebaki kwenye makali.
"Nusu nyingine ya nani, mzee?"
Hakujibu. Akageuza kidevu kuelekea jikoni,
alikokuwa Syabumi anapuliza moto,
mishipa ya shingo imesimama kama kamba za ng'ombe.

"Kichwa kilimuuma tangu mavuno ya mahindi," akasema.
"Dawa niliyopewa ni ya mtu mmoja.
Tangu nimuoe
sijala kitu yeye akiwa ananitazama."

Mwongozo wa wizara ninao, nimeufunika kwa gazeti.
Una ukurasa wa figo, una ukurasa wa mimba,
una mishale ya kwenda juu na ya kwenda kando.
Ukurasa wa wembe ule hauna.

Nikamkalisha Syabumi kwenye kigoda. Dakika tano.
Kuku akaingia, akatoka.
Moshi ulitutoa machozi sote watatu,
au tuseme ulikuwa moshi.
Mia na tisini na mbili kwa mia na kumi na nne.
Nikalegeza mkanda polepole
kama mtu anayefunga mlango penye mtoto aliyelala.

"Kidonge hiki hakigawanyiki," nikawaambia.
"Mkila nusu nusu, mnaugua wazima wazima.
Mama, Jumanne uje na daftari lako."
"Daftari sina."
Andulile akainuka, akachukua lake juu ya kabati,
akalegeza pini kwa ncha ya wembe uleule,
akachomoa karatasi za katikati, zile nyeupe,
akazinyoosha gotini, akampa.

Hapo sikuwa na neno la kukataza.

Jumanne walikuja chini ya mwavuli mmoja wenye mbavu mbili zilizovunjika,
yeye mbele, mzee nyuma, wote wakihema.
Stoo nilikuwa na makopo matatu,
na tarehe ya mzigo mwingine aijuaye yuko mbali.
Nikawaonyesha benchi.
Wakakaa, karatasi mapajani, kimya,
nje ukungu ukifunua chai mstari kwa mstari.
Hakuna aliyekunja nne.